Firigisi ya Mwakilishi

Mwalimu Faustine Mahona alikuwa mtu wa uashi tangu ujana wake huko kwao Usukumani, na alipohamia Kisarawe akawa mwalimu wa uashi, katika shule moja ya sekondari upande wa Kurui, mahali ambapo mvua ikinyesha sawasawa gari linasubiri barabara ikauke na watu wanasubiri gari. Nyumba nyingi za walimu pale ni kazi ya mikono ya wanafunzi wake. Hata choo cha mkuu wa shule, ambacho wageni hukisifia kuliko maabara.

Sasa ilipotangazwa kuwa kamati ya kushauri mambo ya mitaala itakaa Kibaha kwa siku mbili, na kwamba safari hii walimu wa amali nao watakuwa na kiti kimoja, walimu wa ufundi wa Kibaha na Kisarawe walikutana wakamchagua yeye. Walimpa neno moja tu la kwenda kusema: vipindi vya vitendo viunganishwe. Kipindi cha dakika arobaini, wanafunzi wanachanganya mchanga na saruji, wakishika mwiko, kengele inalia. Kwenye ushonaji ndiyo usiseme, vyerehani vikishatolewa kabatini muda umekwisha.

"Usiongeze, usipunguze," Salehe, mwalimu wa umeme, alimwambia Mahona, ambaye angelala kwake huko Visiga. "Hilo moja ukilisema, umetumalizia kazi."

Asubuhi ya siku ya kwanza Mahona alivaa suti ya Salehe. Mikono ya koti ilikuwa mifupi kidogo, kwa hiyo alikaa na mikono yake chini ya meza. Ile mikono ya saruji, unajua, haitakati kwa sabuni yoyote.

Wakati wa chai, kabla ya kikao, alijikuta amesimama na kundi la walimu wa masomo mengine. Mmoja wao, Onesmo, wa hisabati, mtu mcheshi mwenye tumbo la heshima, alikuwa anapakia sambusa kwenye sahani.

"Nasikia leo na mafundi wameletewa kiti," Onesmo akasema.

"Waje tu," mwingine akajibu. "Kile kiti chenyewe kinacheza, watakigongea msumari."

Watu wakacheka. Mahona naye akacheka. Wala hakucheka kidogo, alicheka mpaka chai ikamwagika kwenye kisosi. Ukimwuliza leo atakwambia kwamba kucheka kule ndiko kulikomfunga, maana mtu akishacheka hivyo, atageukaje aseme fundi mwenyewe ni mimi?

Wakaingia ukumbini. Utambulisho ukaanza kuzunguka meza kama kawaida ya vikao vyetu: jina, unakotoka, somo lako, makofi. Ukamfikia.

"Faustine Mahona, Kisarawe," akasema. "Jiografia."

Haukuwa uongo mtupu. Mwalimu wa jiografia alipokwenda likizo ya uzazi, Mahona ndiye aliyemshikia kidato cha kwanza. Wakampigia makofi. Onesmo akampigia kwa nguvu kabisa.

Mchana ikafika ajenda ya vipindi vya vitendo. Mwenyekiti, Mama Devotha, mwanamke mtulivu anayevua miwani kila anapotaka kumtazama mtu, akauliza, "Mwakilishi wa walimu wa amali yupo?"

Feni inazunguka.

"Wa amali. Hajafika?"

Mahona alitazama chupa yake ya maji. Alisoma maandishi yake yote, mpaka mahali maji yalipofungashwa.

"Basi tusimsubiri asiyekuja," Mama Devotha akasema, na wakakubaliana dakika arobaini ziendelee kama zilivyo. Jambo lililokuwa limewaweka watu mikutanoni kule Kisarawe likapita haraka kuliko sala ya kufungua kikao.

Jioni alishuka kituo cha Kwa Mathias, akapitia kununua matunda ya watoto wa Salehe, akachelewa kwa makusudi kuchagua machungwa. Alipofika Visiga alikuta kuku ameshachinjwa. Rahabu, mwalimu wa ushonaji, naye alikuwa amekuja, amekaa na mke wa Salehe jikoni, wanacheka.

"Shikamoo Mheshimiwa," Rahabu akamtania.

"Marahaba."

"Leo hatukuiti mwalimu. Umekaa na wakubwa."

Chakula kikatengwa. Mke wa Salehe akachukua kijiko, akatafuta firigisi kwenye bakuli, akaiweka kwenye sahani ya Mahona. Sahani ya mwenye nyumba ikaachwa hivi hivi. Salehe mwenyewe akaguna kwa kuridhika. "Halali yake. Leo ametusemea."

Mahona aliitazama ile firigisi. Akasukuma wali kuifunika, ikachomoza tena.

"Kula, kaka," Salehe akasema.

"Sikusema."

"Hukusema nini?"

"Sikusema kitu. Niliwaambia nafundisha jiografia. Mwenyekiti akaniita mara mbili, nikanyamaza. Wamepitisha dakika arobaini."

Mke wa Salehe akainuka taratibu akarudi jikoni. Rahabu alikuwa anaangalia vidole vyake, vyenye alama za sindano.

"Mimi nimewaambia wanafunzi wangu," Rahabu akasema hatimaye, kwa sauti ndogo. "Nimewaambia kuna mtu wetu mle ndani."

Ingekuwa afadhali angetukana.

Salehe ndiye aliyeuliza, bila kumtazama, "Kesho wanakaa?"

"Wanakaa, kufunga."

"Basi kesho utakwenda na shati lako."

Akaenda na shati lake. Kabla kikao hakijafungwa alinyoosha mkono, akasimama. Alisema mwakilishi wa amali ni yeye, anafundisha uashi, jana alikuwepo. Kisha akalisema lile neno la vipindi, lote, bila kuongeza.

Mama Devotha akavua miwani. "Mwalimu, jana niliuliza."

"Uliuliza, Mama."

"Hoja imeshafungwa, siwezi kuifungua peke yangu. Naweza kuiandika kwenye kumbukumbu ije kikao kingine. Lakini itabidi iandikwe na kwa nini imechelewa. Kwamba mwakilishi alikuwepo, akaulizwa, hakujitaja."

Onesmo alikuwa ameinamisha kichwa, anasugua meza kwa kidole mahali pasipo na doa.

Mahona alifikiria nakala za kumbukumbu zile zitakavyofika Kisarawe, zitakavyobandikwa ofisini kwa walimu, na nani na nani watakaozisoma wakiwa wameshika vikombe vya chai.

"Andika, Mama," akasema. "Na jina langu liwe kamili."