Chuma Isirare

Gathii, mhunzi wa Matisi pale Kitale, alijivunia jambo moja: chuma chake hakijawahi kulala karakanani. Ikifika jioni kazi imekwisha, naye yuko nyumbani anakula na Wangechi na watoto. Ndivyo alivyofundishwa na Mzee Mukhwana, fundi wa Kibabii, karibu na Bungoma: "Chuma nzito, kijana, isirare!" Na katika Kikuyu cha Gathii, kurara ni kupitisha usiku mahali. Basi akalishika neno hilo miaka kumi na miwili.

Majembe yake yalidumu. Lakini shafti nene, wacha tu! Zilikatika.

Mwaka 2004 Nakhungu, mama wa sukari guru kutoka Bungoma, alitupa mlangoni pa Gathii vipande vya shafti ya pili aliyomfulia ya kinu chake cha miwa. "Fundi, hata hii imekatika kama muhogo! Miwa imeshakatwa, inachacha. Kesho kutwa kinu kisipozunguka, msimu wangu umekwenda na maji. Na wewe usinione tena."

Gathii aliona haya mpaka masikio yakamwaka. Asubuhi akabeba kipande kimoja hadi Kibabii.

Mzee alipachunguza palipokatika. "Ulifanyaje?"

"Nilifua, nikaiacha ipoe nikinywa chai, nikairudisha motoni, halafu nikaizamisha kwa mafuta. Yote kabla ya giza."

"Ukaiacha ipoe? Si nilikwambia isirare!"

"Haikulala, Mzee! Sijaacha chuma hata usiku mmoja!"

Mukhwana alimkodolea macho, kisha akacheka hadi akashika mbavu. "Usiku gani, bana? Kurara kwangu ni usingizi! Chuma isisinzie! Ikitoka kwa nyundo bado nyekundu, moja kwa moja kwa mafuta. Itoe kabla tumbo haijapoa, ile joto ya ndani ipunguze ugumu, isivunjike. Wewe unaiamsha kwa moto mara ya pili ukikimbizana na giza. Ngozi inaiva, tumbo bado mbichi. Itaacha kukatika?"

Kesho yake Gathii alifua ekseli ya lori kuukuu iwe shafti mpya, na chai ikapoa yenyewe. Pigo la mwisho, chuma kingali chekundu, akakitosa kwenye pipa la mafuta machafu. Moshi ukafunika karakana. Akakitoa kikiwa bado na joto, akakiweka kwenye majivu, akaomba Mungu.

Kinu cha Nakhungu kilizunguka mpaka muwa wa mwisho. Alileta sukari guru, donge zima, na Gathii akalipeleka lote Kibabii.

Mzee hakucheka siku hiyo. "Ulimi wangu huu umekuharibia shafti ngapi, Gathii?"

"Nyingi, Mzee, nisikudanganye. Lakini chakula cha jioni na wanangu hakijanipita hata siku moja. Watoto wa mafundi wenzangu wanawajua baba zao kwa kikohozi cha usiku tu. Wangu wananijua. Nakushukuru kwa yote mawili."

Mzee alifuta macho kwa kiganja, akatazama jua lilipofika.

"Basi enda nyumbani," akasema. "Usirare."