Mlezi Aliyevaa Miwani Nyeusi

Wapo watu wanaoogopa mbwa, wapo wanaoogopa radi, mimi naogopa ukuta wa chuo cha wauguzi. Nikiukaribia navuka upande wa pili wa barabara, nainamisha kichwa kama niliyedondosha kitu, na mkitaka kucheka chekeni tu, kwa sababu kuna wamama wa jikoni pale ambao mpaka leo hunitambua kwa mwendo, na mmoja wao akiniona huita wenzake waje dirishani. Jina la chuo silitaji. Jina langu ningelificha vilevile, lakini dada yangu Zaitun amekwisha kulitangaza mtaa wetu wote wa Kisugu, kwa hiyo haya, mimi ndiye Siraji.

Zaitun amenitangulia kuzaliwa na hajawahi kuniruhusu nisahau. Tangu tukiwa wadogo alitaka kuwa muuguzi, akaanza kazi mapema, amenifunga bendeji kila mahali panapofungika, na paka wetu alihama nyumba. Alipomaliza kidato cha nne akaenda kusoma masharti kwenye ubao wa matangazo wa kile chuo, akarudi ameyahifadhi kama Fatiha: cheti chenye baiolojia na Kiingereza, umri usiopungua miaka kumi na saba, afya njema, meno kamili (sijui huko wanauguza kwa kuuma), mwenendo mwema, na mwisho kabisa, binti aje na mzazi au mlezi wa kusimama mbele ya wasaili na kuahidi kwamba hataozwa kabla ya kumaliza. Walikuwa wamechoka, nadhani. Unamfundisha msichana mifupa kuanzia kichwani, unafika kiunoni, anatokea bwana harusi na mbuzi wake, msichana anaondoka na nusu mtu.

Bila mlezi, hakuna usaili. Na kwetu walezi walikuwa wamekwisha. Baba ni sajini, wakati huo jeshi lilikuwa limempeleka Moroto. Mama alikuwa Bombo msibani. Mjomba Rajabu, dereva wa lori, ndiye aliyeahidi kumpeleka, lakini lori likafia Tororo, naye akabaki nalo. Bibi yuko, ila miguu yake ilikwisha kukataa kushuka kilima. Na ile asubuhi ndiyo ilikuwa siku ya mwisho ya usaili, ukiikosa unangoja mwaka mwingine, na mwaka mwingine, alivyosema Zaitun huku akipasi gauni lake (gauni la chini ya magoti kabisa, kama serikali inavyopenda), baba angekuwa amekwisha kumpata koplo wa kumwoza.

"Nitakwenda mimi," nikasema. Huo ndio uamuzi wenyewe, mdogo kama punje ya mtama.

"Wewe," akasema Zaitun bila kuinua pasi. "Ndevu zako ziko wapi?"

"Ziko njiani."

"Basi zikifika uniite."

"Utakwenda peke yako? Nisomee sharti la mwisho."

Hakunisomea. Akanitazama toka juu mpaka chini, safari ambayo haikumchukua muda, akasema, "Vaa kitu cha mtu mzima."

Mtu mzima pekee aliyeacha nguo nyumbani ni Mjomba Rajabu, na Mjomba, ingawa ni dereva wa lori, huvaa kama anaitwa kupigwa picha. Nikachukua shati lake la maua, suruali ya bugaluu iliyopanuka miguuni, viatu vya raizoni vyenye soli nene kama matofali (hivyo ndivyo vilinipa kimo), na miwani nyeusi ya kuficha macho, kwa sababu macho yangu, Zaitun mwenyewe alikiri, ni ya mtoto anayetafuta embe la mtu.

Sasa wa Kampala ameshaanza kutikisa kichwa. Kwa asiye wa huku nieleze: miaka hii tunao watu wa serikali wasiovaa sare, na kutovaa sare huko kuna sare yake, nayo ni shati la maua, bugaluu, raizoni na miwani nyeusi. Hushuka kwenye magari yasiyo na namba. Wakiingia mahali, kila mtu hukumbuka kwamba ameacha chungu motoni. Nilijua hayo, nani asiyejua, lakini mbele ya kioo mimi niliona kimo tu.

Tukateremka Kisugu. Nilikwenda polepole sana, si kwa majivuno, ni kwamba raizoni zilikuwa na nia ya kunivunja shingo. Watu tuliokutana nao nikawatazama mmoja mmoja kwa muda mrefu, si kwa ubaya, ni kwamba nilikuwa nakisia kama ni mtu au nguzo. Na sikusema neno, kwa sababu sauti yangu mwaka ule ilikuwa inaanza kama baba na kumalizia kama kuku. Kwa hiyo pata picha: mtu anakuja polepole, anakukodolea miwani, hasemi.

Mlinzi wa lango la chuo alitupa sigara, akasimama wima. "Afande, kalibu. Mimi hapana ona kitu hapa, mimi iko kwa geti tu."

Nikamwinamia kwa adabu. Akaondoka kabisa, akaliacha lango na sisi.

Barazani walijaa wazazi na mabinti zao. Tulikuwa tumekuja wa mwisho. Nilipokanyaga kibaraza redio ikazimwa, mzee mmoja akamwambia binti yake kwamba amekumbuka ng'ombe, na benchi lililokaliwa na watu wanane likatoa nafasi ya kulala. Karani akafungua mlango wa chumba cha usaili, akaniona, akasema, "Wa kwanza ni nyie." Nikamnong'oneza Zaitun, "Unaona faida ya kuja na mtu mzima?" Yeye alikuwa ameanza kuelewa kabla yangu. Alinishika mkono wa shati, akasema kwa kuuma meno, "Siraji, turudi," lakini tungerudije, tulikwisha kuitwa.

Ndani walikaa watatu: Bwana Lubowa, mkuu wa chuo, mtu mnene mwenye tai; daktari mmoja kijana aliyevaa koti jeupe; na Sista Nakato, mkufunzi, mama wa makamo aliyenyooka kama amepigwa wanga pamoja na kofia yake.

Hapo nikakumbuka adabu. Kwetu sisi Wanubi mlezi haingii kwa watu na kuanza shida zake, anasalimia kwanza, na salamu si neno moja, unauliza nyumba, unauliza watoto, unauliza mpaka kuku, ndipo unaonekana umelelewa. Nikashusha sauti chini kabisa ilikokuwa salama, nikamgeukia mkuu wa chuo.

"Habari za nyumbani?"

"Nzuri, afande."

"Nyumbani ni wapi siku hizi?"

"Mengo, afande. Karibu na... ni Mengo tu."

"Watoto?"

"Wapo."

"Wangapi? Wanasoma wapi?"

Bwana Lubowa akalegeza tai. Nikaona nimemsalimia vya kutosha, nikamgeukia daktari ili asijione ametengwa. "Na wewe, nyumbani kwako?" Daktari akasema kuna mgonjwa anamwita, ingawa hatukusikia mtu akiita, akalivua koti lake, akalitundika kwenye kiti ili kiti kisiwe kitupu, akatoka. Nikadhani ndiyo kazi ya udaktari ilivyo.

Ikaletwa chai. Jamani. Mkuu wa chuo alifungua mtoto wa meza kwa ufunguo, akatoa sukari, sukari nyeupe, ile ambayo nyumbani tulikwisha kuanza kuizungumzia kama marehemu, akanitilia mwenyewe, akakoroga. Nikanywa. Nikaongezewa. Nikakunja nne, na siwafichi, pale kidogo nilikuwa naipenda kazi ya ulezi.

"Binti," Bwana Lubowa akamwuliza Zaitun, "unapenda wagonjwa?"

"Ndiyo, mwalimu."

"Vizuri sana. Amefaulu."

Zaitun, aliyekuwa amekesha na mifupa kwa wiki nzima, akakunja uso. "Mwalimu, hamniulizi mifupa?"

"Mifupa ya nini, binti yangu? Tunakuamini." Akainuka. "Afande, naleta biskuti." Akatoka kwa mwendo ambao mtu mnene hawezi bila sababu.

Tukangoja. Biskuti hazikuja. Nje barazani palikuwa kimya, nikachungulia, hapakuwa na mzazi hata mmoja, isipokuwa mwavuli. Sista Nakato alibaki kwenye kiti chake, mikono mezani.

"Sasa, Sista," nikasema, "dada yangu amepata?"

"Afande, mimi peke yangu siwezi kumpa mtu nafasi. Sharti wasaili wawe watatu. Unaweza kunichukua, lakini sharti ni sharti."

Zaitun hakulia. Ingekuwa afadhali angelia. Alisema polepole, "Leo ni siku ya mwisho," kisha akanifinya ubavuni mpaka nikaona nyota ndani ya miwani. "Sema ukweli."

Nikavua miwani. "Sista, mimi si mtu wa serikali. Ni mwanafunzi. Niko kidato cha tatu."

"Ndiyo, afande," akasema Sista. "Sote ni wanafunzi. Maisha ni shule."

"Hapana, kweli nasoma, upande wa Old Kampala, mwalimu wa darasa anaweza..."

"Naamini mko hata mashuleni, afande. Mnafanya kazi kubwa."

Nikamwambia viatu ni vya mjomba, akasema mjomba ana bahati. Nikamwambia sauti yangu bado inavunjika, na ikavunjika papo hapo, nikawika kama kuku kabisa, akaitikia bila kutabasamu kwamba vumbi la mjini limezidi. Kila nilichosema kilinipandisha cheo. Nilianza kutokwa jasho, magoti yakaanza kugongana, na raizoni hazisamehi magoti, nikashika meza nisianguke.

Pengine ni mazoea ya kazi, sijui. Sista Nakato alinyoosha mkono akanishika mkono penye mshipa, akatazama saa yake ya kifuani. Alishika kwa muda, kisha akaninyanyulia macho, na yalikuwa macho mengine.

"Wale watu nimewauguza," akasema. "Wanakuja hapa na malaria kama wengine, mikono yao nimeishika. Mioyo yao huwa imetulia. Huu wako unakimbia kama wa sungura." Akauachia mkono. "Vua viatu."

Nikavua. Nikashuka nikafika kwenye kimo changu, soksi ya kushoto ikitoa kidole gumba.

"Mtoto wa nani wewe?"

"Wa sajini, Sista. Yuko Moroto."

"Angekuwa hapa ningemkopesha mshipi." Akanishika sikio, akafungua pande zote mbili za mlango kwa sikio hilo hilo, akanipa amri moja: viatu kichwani, nizunguke chuo kizima, niseme kwa sauti mimi ni nani mpaka wasaili wake warudi.

Nikazunguka. "Mimi ni Siraji wa kidato cha tatu," nikilia huku na kule na raizoni kichwani, mbele ya jiko, mbele ya bweni la wasichana (wasichana, ndugu zangu, madirisha mawili ya wasichana), mbele ya wazazi waliokuwa wanachomoka mmoja mmoja kutoka kwenye migomba. Wamama wa jikoni walikalia ngazi ili wacheke vizuri. Bwana Lubowa alitoka kwenye stoo ya mashuka, pamba kwenye nywele. Daktari alikawia kupatikana. Tulimkuta wodini, kitandani, amejifunika mpaka utosini, na mgonjwa wa kitanda cha pili akituapia kwamba yule ana ndui, tusimsogelee.

Walipokaa tena watatu, mkuu wa chuo hakunitazama. Alimtazama Zaitun, na hasira yote aliyokuwa hawezi kumpa mtu mwenye miwani akampa yeye.

"Binti, huna mlezi. Huyu si mlezi, huyu ni balaa. Nenda nyumbani."

"Mwalimu," Zaitun akasema, "mlezi ni wa kuahidi nini?"

"Kwamba hutaolewa kabla ya kumaliza."

"Na nyie mnafikiri," akaninyooshea kidole mimi, niliyesimama mlangoni na viatu kichwani, "habari hii ikifika Kisugu, nani atakuja kwetu kuposa?"

Kwanza alicheka Sista. Alianza kwa mabega, kofia ikafuata. Daktari akajificha nyuma ya koti lake. Bwana Lubowa alijizuia, akajizuia, mwisho akatoa leso, akajifuta macho, akasema haya, kaa, tuanze na fuvu. Wakamwuliza mifupa yote. Wakamwuliza mishipa, wakamwuliza kuhara, wakamhesabu na meno. Ilifika alasiri. Alitoka na nafasi yake, akanipita bila neno, nikavaa raizoni nikamfuata, na mpaka tulipofika reli ya Namuwongo ndipo akasema, "Nipe hivyo viatu, unachechemea."

Sasa anasoma mwaka wa kwanza, na amevuka kiuno. Mimi nimejifunza kwamba kuogopwa ni kama raizoni, kunakupandisha haraka ila huwezi kukimbia nako. Na mwaka huu walipobandika upya masharti pale ubaoni, Zaitun anasema wasaili walibishana sana, walitaka kuandika kwamba mlezi asivae miwani nyeusi, lakini nani Kampala hii angeweza kulibandika neno hilo ukutani akalala usingizi? Wakaandika tu: mlezi awe amezaa. Wenzangu huchonga majina yao kwenye madawati, mimi nimewaachia chuo sharti, na nitalitii kuliko wote. Mpaka nami niwe na mtoto, tena mkubwa, mwenye vyeti vyake na meno yake kamili, lango lile sivuki.