Ukoo wa Motokaa

Enzi zetu, taarifa ya habari ilisikilizwa kwa utulivu kama misa ya pili. Pale nyumbani Mshangano, pembeni mwa mji wa Songea, redio ya baba ilikaa juu ya kabati, imefunikwa kitambaa alichokifuma mama, na betri zake zikichoka tulizianika juani pamoja na mihogo. Ilikuwa miaka ya ruksa. Maduka yaliyozoea kuuza chumvi na sabuni ya mche yalianza kujaa dawa ya meno ya rangi, biskuti za kila aina na mitumba iliyotufanya tuonekane watoto wa mjini. Kila kitu kilibadilika isipokuwa maneno ya redio. Ukiwasha tu, unakutana na mabepari, makabaila, mabwanyenye na vibaraka wao, utadhani hakuna aliyewaambia wasomaji wa habari kwamba siku hizo hata mwenyekiti wetu wa chama alikuwa na duka.

Sisi watoto tuliyapenda maneno yale bila kuyaelewa. Mwenye mpira wa soksi alikuwa bepari. Aliyegoma kutoka golini alikuwa kabaila, na aliyemtetea alikuwa kibaraka. Vijana wa leo wanatukanana kwa Kiingereza cha kuokoteza. Sisi tulitukanana kwa taarifa ya habari.

Mwaka ule nyumba yetu haikuwa na raha. Shangazi Anjela, mdogo wake baba, alimpenda Yohana, kijana mpole aliyeimba besi kwenye kwaya. Shida ilikuwa kwao: ukoo wao wote ulichoma mkaa. Bibi yangu, mama yao Shangazi na baba, alishatamka mbele ya jumuiya nzima kwamba binti yake haolewi kwenye masizi, na kwamba yeye mwenyewe hatakula chakula cha nyumba ile mpaka anazikwa. Alipanga Shangazi apelekwe Lusewa, ambako mgane mmoja mwenye shamba la tumbaku alikuwa anatafuta mke.

Baba alijaribu kumwombea dada yake.

"Mama, wale ni watu wema."

"Sijasema ni wabaya. Nimesema nilishasema."

Shangazi akaacha kuimba. Nilikuwa nalala naye kitanda kimoja, na kila nikimsikia anavuta kamasi akidhani nimeshalala, niliumia sana. Yeye ndiye aliyenifundisha kusuka ukili, kucheza rede na kula ukoko bila kuonekana. Sikumtaka mgane wa Lusewa amchukue.

Sasa jioni moja ya kipupwe, ile baridi ya Songea inayomfanya kila mtu awe na urafiki na jiko, tulikuwa tumemaliza kula ugali na dagaa wa Nyasa. Bibi alikuwa anamenya karanga. Msomaji wa habari, kwa ile sauti yake iliyopigwa pasi, akafika kwenye habari za ng'ambo.

"Ukoo mashuhuri wa watengenezaji motokaa katika nchi hiyo umeelezwa kuwa na kauli nzito katika siasa, kiasi kwamba mawaziri hawateuliwi pasipo ridhaa ya mabwanyenye hao."

Mikono ya Bibi ikasimama.

"Amesema watengeneza nini?"

"Motokaa, mama," baba alijibu.

"Moto na kaa?"

Baba akafungua mdomo aeleze. Mama akakohoa, kikohozi tulichokijua wote, kile cha kumziba mtu anayetaka kuropoka mbele ya wageni. Baba akafunga mdomo.

"Kumbe watu wa mkaa ndio wanaopanga mawaziri," Bibi alisema taratibu. "Na mimi hapa nawafungia mlango." Akapuliza maganda yaliyomjaa kiganjani. "Mwambieni huyo kijana alete wazee wake. Nilisema kabla sijapata habari."

Shangazi alitoka jikoni na mwiko mkononi, akapiga magoti mbele ya mama yake. Mimi nilicheka na kulia kwa pamoja, na mama akanifuta uso kwa khanga yake.

Baba yake Yohana alipokuja, amevaa koti la mtumba lililomzidi mabega, Bibi alimpa togwa kwa mikono miwili, kisha akamuuliza kwa heshima zote, "Baba, bomba letu limekauka tangu masika. Huyo waziri wa maji mnamwondoa lini?"

Mzee akamtazama baba. Baba akatazama dari.

"Tunalishughulikia, mama," mzee akajibu.

Mpaka leo sijasikia mwanasiasa aliyejibu vizuri zaidi. Harusi ikafungwa, ngoma ya lizombe ikachezwa mpaka vumbi likapanda juu ya mapaa, na Bibi akala wali na kuku kwa watu wa mkaa, akaomba na ukoko. Sisi tukaendelea kumcheka kwa siri miaka na miaka. Mtoto wa kwanza wa Shangazi tulimwita Waziri, na jina likamganda.

Nilipokuwa mtu mzima nikanunua kagari kadogo, kametumika Japani mpaka kakachoka kabla ya kuletwa kwetu. Nikaenda kumchukua Bibi tumtembelee Shangazi. Alikuwa amezeeka, mwepesi kama tenga tupu. Akakaa mbele, akapapasa kiti, akatabasamu.

"Motokaa yako ni laini, mke mwenzangu. Ile ya misheni aliyoendesha babu yako ilikuwa inatuvunja viuno."

Nikazima injini.

"Bibi. Kumbe ulikuwa unajua motokaa ni nini?"

Akatazama nje, kwenye mahindi ya jirani.

"Nilishaapa mbele ya watu. Binti yangu analia kila siku, na mimi namsikia. Ningeshuka vipi?" Kisha akanigonga bega. "Hebu washa twende. Nina njaa, na Anjela amepika."

Siku hizi wanangu wanasoma habari kwenye simu. Wakikutana na neno wasilolijua wanalibonyeza, na maana yake inatokea pale pale pamoja na picha. Hakuna anayesikia vibaya tena, na hakuna anayeweza hata kujifanya amesikia vibaya. Nikiita gari motokaa wananicheka, nami nawaacha wacheke. Ila nawaza kwamba kama mmoja wao angekuwapo jioni ile karibu na jiko, angemwonyesha Bibi picha ya gari, na Shangazi yangu angekwenda Lusewa.