Nilivyompima Muzee Zakaria Kwenye Mahari

Mdogo wangu Gédéon, anayeniita Yaya kwa kuwa mimi ni kaka yake mkubwa, aliponiambia tukiwa njiani, "Yaya, rudi nyumbani ulete mallette yako, wakwe waone kama siye pia tuko na watu," nilipaswa kumjibu hapana, neno hilo moja tu, na leo ningekuwa nasimulia mambo mengine. Lakini nilisikia utamu. Mimi ni muuguzi mstaafu, nilisoma sekondari ya wauguzi na si zaidi, ila hapa Ngezi, mtaa wetu wa Bunia, watu wananiita Dokta hata wakinikuta nimebeba jogoo kwapani, na mtu akiitwa Dokta kwa miaka mingi shingo yake inakuwa ngumu. Basi nikageuka. Aibu yangu yote ilianzia pale kwenye kona, niliporudi kufuata ile mallette, mkoba mweusi wa ngozi wenye mashini ya kupima tension, yaani presha ya damu, tochi ndogo na nyundo ya mpira ya kugongea goti.

Mke wangu aliniona nikigeuka. "Baba Dieudonné," akasema, "tunaenda ku mahari, ao unaenda garde ya usiku hospitalini?"

Wanawake wakacheka, nami nikacheka pamoja nao, kwa sababu nilifikiri ni sifa.

Tulikuwa tunaenda kumtolea mahari Furaha, msichana ambaye mwanangu Dieudonné alimpenda kiasi cha kuacha kula. Watu wa Furaha ni wafanyabiashara waliohamia Bunia kutoka Butembo. Sisi tulitoka Bule, ukoo wa wakulima, vita vilitukimbiza tukaacha mashamba na vitu vyote tulivyokuwa navyo, kwa hiyo mahari tuliyobeba ilikuwa ndogo, na kila mtu kwetu alijua kwamba wakwe wakikasirika siku ile, hatukuwa na nguvu ya kujikusanya tena na kurudi.

Sasa sikieni kile nilichokikosa nikiwa nyumbani natafuta mkoba. Shangazi yake Furaha, mama Kavira, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita ng'ombe, aliwangoja watu wetu njiani akawaeleza mambo ya kwao. Katika ukoo ule, msemaji ni mjomba wa msichana, muzee Zakaria, na muzee Zakaria huanguka. Anasikiliza mahari inavyotajwa, anashika kifua, anaanguka chini kama aliyekufa, wanawake wa kwao wanalia, "Mumemuua!", halafu upande wa mvulana unaleta mbuzi mmoja aliyefichwa pembeni, unamwinua muzee kwa heshima, na basi, mambo yamekwisha, watu wanakula. Kila mtu kwetu aliambiwa, na mbuzi mmoja wa mahari akafichwa nje ya ua. Mimi nilifika nikitweta, vumbi jekundu mpaka kwenye nyusi, wao wamekwisha kukaa ndani ya ua, na hakuna aliyekumbuka kuniambia kitu.

Sheria moja tu niliijua, na hiyo naikubali bila kujitetea: baba wa bwana-arusi hasemi. Anakaa kwenye kiti chake, ananyamaza, anatazama viatu vyake. Gédéon ndiye alikuwa kinywa chetu.

Nikaweka mallette juu ya magoti, wazi kabisa, waone. Gédéon akasimama, akataja tulichobeba, kwa maneno mazuri zaidi kuliko vitu vyenyewe. Muzee Zakaria alikuwa mtu mrefu, mwembamba, mwenye koti la rangi ya kahawia na kofia. Akasikiliza. Akavua kofia. Akashika kifua, akasema "Aaa, watu wa Bule," kwa sauti ndogo, magoti yakakunjika, na muzee akalala juu ya mkeka.

"Wuuu!" akalia mama Kavira. "Mumeona? Mumemuua mutu yetu! Kwenu hakuna hata muganga mumoja?"

Na mimi nikasimama.

Lazima niseme hapa kwamba mimi si muuguzi wa kubahatisha. Nilifanya kazi Niania, pale barabarani, ambako malori yalituletea watu waliopasuka vichwa na madereva waliolala kwenye usukani, na mashini kubwa za kutazama ndani ya kichwa hatukuwa nazo, tulikuwa na macho yetu, vidole vyetu na tochi. Kumpima mtu aliyezimia ninakujua kama vile mama Kavira anavyojua bei ya kitenge. Kwa hiyo nilivuka ule ua kwa hatua za mtu anayejua anakokwenda (mke wangu anasema nilikuwa nakunja mikono ya koti huku natembea, mimi sikumbuki).

"Papa Zakaria! Unanisikia? Fungua macho!" Kimya. Nikamtikisa bega. Kimya. Nikatazama kifua, kinapanda na kushuka vizuri. Nikashika mkono, mshipa unapiga sawasawa kama saa. Nyuma yangu Gédéon akakohoa. Akakohoa tena, kwa nguvu zaidi, nikamwambia bila kugeuka, "Kunywa maji, mudogo, niko nafanya kazi."

Nikafungua kope, nikapiga tochi. Mboni zote mbili zikajifinya, sawa kwa sawa. Nzuri. Ila lile jicho la kushoto likanitazama, nikaona kama linanisihi kitu. Nikalifunga.

"Yaya," Gédéon akanong'ona, ananivuta koti, "kaa chini. Kaa, ninakuomba."

"Weye usiogope," nikamjibu kwa sauti ya wote. "Bado hajafa."

Kuna mwanamke wa kwao akaanza kucheka ndani ya kitambaa chake. Nikamhurumia, nikajua huzuni inawachanganya watu hivyo.

Mtu asipoitika kwa sauti, kanuni inasema umjaribu kwa maumivu. Nikakunja ngumi, nikamsugua mfupa wa kifua kwa vifundo vya vidole, jinsi tulivyofundishwa, na nyinyi ambao hamjawahi kusuguliwa hivyo, mshukuru Mungu. Machozi mawili yakamtoka muzee Zakaria, yakateremka mpaka kwenye masikio, lakini hakusogea. Yule mzee alikuwa na moyo! Mbuzi hajaletwa, hawezi kuinuka, na yule kijana wetu aliyepewa kazi ya kumleta mbuzi alikuwa amesimama mlangoni na kamba mkononi, kinywa wazi, ananitazama mimi.

Nikainua mkono wake juu ya uso wake, nikauachilia. Mkono wa mtu aliyezimia kweli unampiga puani. Huu ulitua pembeni, polepole, karibu na kofia. Hapo nikajua kwamba hajazimia. Hapo, ndugu zangu, ndipo ningefunga mallette, ningesema "Yuko sawa, Mungu ni mwema," ningerudi kwenye kiti changu, na watu wangecheka kidogo tu. Lakini nilikuwa na ua mzima unanitazama, na nyundo bado sijaitoa.

Nikaitoa. Nikagonga goti, mguu ukaruka vizuri. Nikamvua kiatu, soksi ikatoka na tundu lake, nikachukua ufunguo wa nyumba yangu, nikauburuta chini ya unyayo kuanzia kisigino kuelekea vidole, kipimo cha ubongo ambacho daktari yeyote angenipongeza. Kile ambacho shule haikunifundisha ni kwamba muzee Zakaria ana mtekenyo wa ajabu. Alitoa mlio kama wa mbuzi (yule mbuzi wa kweli akaitika huko nje) na mguu wake ukanipata kidevuni, nikarudi nyuma, nikapiga meza, na sufuria ya sombe, yale majani ya muhogo, ikanifuata mpaka chini.

Ua wote ukalipuka kwa kicheko. Hata Dieudonné alikuwa anacheka na kulia pamoja. Muzee Zakaria mwenyewe alikuwa amejifunika uso kwa kofia, tumbo linatetemeka. Mama Kavira akapiga makofi: "Leteni mbuzi! Leteni mbuzi haraka, muzee ainuke!" Bado ilikuwa inawezekana kuponya mambo. Nilihitaji kucheka tu, mimi mmoja niliyebaki.

Nikasimama na sombe kwenye kola. Nikatumia ile sauti niliyokuwa nikiwasemea vijana wa mafunzo, nikasema, "Huyu mutu hana ugonjwa wowote. Nimemupima kwa sheria. Anajifanya. Ni muongo."

Kicheko kikakatika. Neno lile, kwa mzee wa kwao, ndani ya ua wake, kutoka kwa baba wa mvulana ambaye hapaswi hata kusema habari za jua! Nilitazama mlango wa nyumba nikaona pazia linatikisika, na nyuma yake uso wa Furaha, kisha pazia likatulia.

Muzee Zakaria akakaa. Akavaa soksi yake, akavaa kiatu, akafunga kamba bila haraka. Akasema, na hakuwa na hasira, hilo ndilo lililoniumiza, "Nimeanguka ku mahari ya dada zake Furaha wote. Wakwe wote waliniinua. Leo nimejiinua mwenyewe." Akaingia ndani.

Tulirudi na mahari yetu yote, na mbuzi. Njiani hakuna aliyenitukana. Gédéon tu aliniambia, "Yaya, ulipima kila kitu. Watu, hukuwapima." Dieudonné alitembea mbele peke yake.

Gédéon alirudi kule mara nyingi, alipiga magoti badala yangu, aliongeza mbuzi wa msamaha aliyemkopa sijui wapi. Mwishowe wakakubali. "Mutoto wenu tunamupenda," mama Kavira akamwambia, "lakini ku kiti cha baba tutamuona weye, hapana yule na nyundo yake." Nikasema sawa. Siku ya harusi Gédéon alivaa koti langu, lile lile, lililofuliwa mpaka doa la sombe likabaki kivuli, akakaa kwenye kiti cha baba, na mimi nikabaki Ngezi kulinda nyumba ambayo hakuna aliyetaka kuiiba. Muzee Zakaria siku hizi ana tension kweli. Anaipima kwa muuguzi mwingine, ng'ambo ya mji, na analipia pikipiki kwenda na kurudi.

Mallette sasa iko juu ya kabati, na haitatoka nyumbani kwenda kwenye sherehe tena. Kipimo changu kilikuwa safi, hata leo nitakirudia mbele ya daktari yeyote na sitabadili kitu. Lakini kwetu mvulana wa kwanza hupewa jina la babu yake, baba wa baba yake, yule aliyekaa kwenye kiti siku ya harusi. Mimi ninaitwa Anselme. Mjukuu wangu wa kwanza anaitwa Gédéon.