Nadra na Korongo wa Bugeshi

Nadra alikuwa mpiga picha wa harusi mjini Gisenyi, na watu wa mtaa wake wa Majengo walimpenda kwa sababu hakuwaharakisha. Bibi harusi akitaka kufuta machozi, Nadra alishusha kamera na kungoja. Aliishi na dada yake mkubwa, Nasrine, fundi cherehani, katika nyumba waliyoachiwa na baba yao aliyekuwa akiuza vitenge. Cherehani ya mmoja na kompyuta ya mwingine zilikaa meza moja, chini ya dirisha linalotazama ziwani.

Mambo yalianzia kwenye harusi ya binti mmoja aitwaye Umuhire, kule juu Bugeshi, chini ya volkano, ambako hata mchana watu huvaa makoti. Baada ya kanisa, maharusi walitaka kupigwa picha kati ya viazi vilivyochanua. Nadra akarudi nyuma kidogo ili apate mlima wote, na papo hapo ukungu ukafunguka bondeni. Chini, kwenye kinamasi, ndege wawili warefu walikuwa wakicheza. Mmoja aliinama kama anayesalimia wakwe. Mwenzake akaruka, mabawa meupe yakatanda, na kichwani mwake taji la dhahabu likawaka kidogo. Kisha ukungu ukafunga tena.

"Umeona nini?" bwana harusi akamwuliza.

"Sijui," Nadra akajibu, na hakudanganya.

Walikuwa imisambi, ndivyo Wanyarwanda wanavyowaita korongo wenye taji. Utotoni Nadra aliwahi kumwona mmoja katika bustani ya tajiri, mabawa yamekatwa, akitembea kati ya vyungu vya maua kama mgeni aliyesahaulika sebuleni. Hakuwahi kuwaona wakiwa kwao.

Tangu siku hiyo akawa anawaota. Waliingia chumba cha kushonea taratibu, wakapita juu ya vitambaa vilivyotandazwa bila kuacha alama, wakasimama mbele ya cherehani na kuinama.

"Na mi nilikuwa wapi?" Nasrine akauliza alipohadithiwa.

"Ulikuwa unawapima shingo."

Nasrine alicheka mpaka uzi ukamkatikia. "Hao ndege wamekuloga, mudogo wangu. Rudi huko, uwaone, upone."

Nadra akarudi. Shamba lililopakana na kinamasi lilikuwa la Mzee Twagirimana na mkewe Cansilde, wafugaji waliotoka Masisi, ng'ambo ya mpaka, zamani na ng'ombe wachache. Mzee alimkaribisha vizuri, akamwongoza hadi kwenye mstari wa mikaratusi, hapo akasimama.

"Hapa ndiyo mwisho," alisema. "Iko mayai kule. Ukisogea, wanaacha kiota, wanaenda kabisa. Hata ng'ombe zangu hazipiti."

Nadra akainua kamera. Lenzi yake ya kuvuta ilikuwa imemtosha harusini miaka yote. Akisimama mlangoni mwa kanisa, aliweza kuona pete ikiingia kidoleni. Lakini hapa, hata alipoivuta mpaka mwisho, korongo walionekana kama njiti mbili za kiberiti zilizochomekwa nyasini.

"Unaona?" mzee akauliza.

"Naona nyasi, baba."

Aliporudi mjini alikwenda moja kwa moja kwa Jado, mwenye duka dogo la kamera ghorofani karibu na soko, yule yule aliyemuuzia lenzi. Jado alimsikiliza huku akipangusa kioo. Kisha akaweka mezani vipande viwili vyeusi vya duara, kimoja kifupi kama kifuniko cha chupa ya chai, kingine kirefu zaidi.

"Hii ndiyo telekonvata," alisema. "Inakaa katikati. Lenzi mbele, kamera nyuma. Inavuta kitu karibu. Hii fupi inaongeza karibu nusu ya kile lenzi inavuta. Hii ndefu inafanya mara mbili kabisa."

"Bon, nipe ndefu."

"Ngoja, dada. Hakuna kuvuta kwa bure, donc sikiliza. Fupi inakula nusu ya mwanga. Ndefu inakuachia robo tu. Na kamera inakuwa nzito kushika shabaha, inatafuta, inatafuta. Picha nayo inalegea kidogo. Iko lenzi zingine hazikubali kabisa, kioo kinagonga kioo. Yako inakubali."

"We ungechukua ipi?"

Jado akainua mabega. "Mi sijaona ndege yako. Kamata zote mbili, uende kujaribu. Utarudisha moja."

Bila shaka alianza na ile ndefu. Ni nani anayeota kitu halafu akataka kukiona kwa mbali? Alifika kwenye mikaratusi asubuhi na mapema, ng'ombe wakiwa bado wanakamuliwa. Alisimamisha kamera kwenye stendi ya miguu mitatu, akaweka jicho kwenye tundu la kutazamia.

Korongo alikuwa pale pale. Aliona shavu jeupe, kifuko chekundu chini ya koo, manyoya ya taji yaliyosimama moja moja yakiwa na vitone vya umande. Aliona jicho la kijivu, tulivu, ambalo lilionekana kumtazama yeye Nadra, wala si mwingine, kutoka ulimwengu usio na harusi wala soko wala pikipiki. Ukungu ulipita kati yao kama shuka linaloanikwa. Lenzi ilihangaika mbele na nyuma, ikimshika ndege, ikimpoteza, ikimshika tena. Nadra alibonyeza mara chache tu. Muda mwingi alisimama akiangalia, mpaka Cansilde alipokuja na kikombe cha maziwa ya moto na kumkuta miguu imekufa ganzi.

Nyumbani, kwenye kompyuta, picha zote zilikuwa na giza na zimelegea. Taji lilikuwa moshi wa manjano. Jicho lilikuwa doa. Nadra alizipitisha moja moja, akizifuta, lakini Nasrine aliacha kushona akamshika mkono.

"Hapo. Usiifute hiyo. Si ndiyo ndoto yako yenyewe? Mi ningeitundika hapa."

Nadra aliitazama. Ilikuwa kweli. Ilikuwa ndoto yake hasa, na ukungu wake, na ndege asiyekanyaga chini. Akakaa nayo mpaka chai ikapoa. Mtu angeweza kuichukua hiyo telekonvata ndefu na kuishi ndani ya picha kama hizo maisha yake yote, na watu wengi wangezisifu.

"Ndoto ninayo tayari," alisema mwishoni. "Nataka wao wenyewe."

Juma lililofuata alipanda tena Bugeshi na ile fupi. Mwanzoni moyo ulimshuka. Korongo walikuwa wamerudi mbali, wadogo, na lile jicho la kijivu halikuwa tena la kumtazama. Lakini mwanga uliingia kwenye kamera kama maji kwenye mfereji. Majani yalionekana, na maji kati ya majani, na buibui aliyetandaza kazi yake kati ya mabua. Lenzi ilishika mara moja, ikatulia.

Dume akaja akiruka kutoka upande wa mlima, akatua, akatembea taratibu kuelekea kiotani. Jike akasimama. Na pale alipokuwa amelalia, kati ya miguu yake mirefu, wakatokea vifaranga wawili wa rangi ya mchanga, wamelowa, wanayumba kama walevi. Dume aliinama. Jike naye akainama. Nadra akabonyeza, akabonyeza tena, na kila kitu kilikuwemo: wazazi wawili, watoto wawili, nyasi, na kipande cha mlima kinachoelea juu ya ukungu. Kwa ile ndefu angepata shingo moja tu.

Machozi yalimtoka, na safari hii hakushusha kamera.

Alirudisha ile ndefu dukani. Jado alitazama picha kwa muda, akaita jirani yake wa duka la viatu aje aone, akasema tu, "Kumbe ndiyo hao." Wala hakuuliza tena habari ya telekonvata.

Picha ya wazazi na vifaranga Nadra aliichapisha kubwa, akaipeleka Bugeshi, imefungwa kwa kitenge. Vifaranga walikuwa wameshakua, wanatembea nyuma ya wazazi wao hadi ukingoni mwa viazi. Mzee Twagirimana aliitundika ukutani mwenyewe. Cansilde akaiangalia, mikono kiunoni.

"Muzuri sana," alisema. "Lakini mi ninayewalinda kila siku, niko wapi?"

"Mama, kila nikiinua kamera unakimbilia jikoni!"

"Naona haya," Cansilde akasema, akachukua jembe na kutoka zake.

Nadra akamfuata kwa macho tu. Alisimama mlangoni, akaweka telekonvata yake, akangoja. Mbali kule shambani Cansilde alilima, akaimba kidogo, akajiinua kunyoosha mgongo. Alitazama mlima, akakumbuka jambo lake mwenyewe, akacheka peke yake. Nadra akabonyeza.

Aliporudi na kuonyeshwa kioo kidogo cha nyuma ya kamera, Cansilde aliisogelea picha. Alifuta mikono kwenye kitenge chake kabla ya kuishika ile kamera.

"Huyu si mimi," alisema polepole. "Huyu ni mama yangu. Hivi hivi ndivyo alikuwa anacheka. Alibaki Masisi, hatukuwa na picha yake hata moja."

Kioo kikajizima chenyewe. Cansilde akamrudishia Nadra kamera kwa mikono yote miwili.

"Washa tena, mwanangu," akasema. "Bado namwangalia."