Nimejaza Kila Saa ya Visiwani Ili Mdogo Wangu Asibaki na Mtoto

Admin, nifichie jina, na tafadhali usiweke picha ya meli, wanakwaya wenzangu watanitambua mara moja.

Mimi ni mwanamke wa miaka arobaini na mmoja, Mkongo wa Kivu ya Kusini, naishi Louisville. Kazini ghalani mimi ndiye ninayepanga lori gani lipakiwe saa ngapi, na tabia hiyo nimeihamishia nyumbani. Wananiita jenerali, na siwalaumu. Nina binti wa miaka kumi na sita. Kila mtu hapa anajua ni binti yangu, na yeye mwenyewe anajua hivyo. Sikumzaa.

Alizaliwa na mdogo wangu. Vita vilipoingia kijijini mtoto alikuwa na miezi minane, yuko mgongoni kwangu kwa sababu mama yake alikuwa shambani. Tukakimbia njia tofauti, tukaamini mama yake amekufa. Kambini wakaniuliza huyu ni nani, nikasema ni mwanangu. Kwetu huo si uongo. Mtoto wa mdogo wako ni wako, wewe ni mama yake mkubwa. Lakini karatasi ya karani haikuwa na nafasi ya mama mkubwa, akaandika mama. Miaka mitano baadaye tukasikia mdogo wangu yuko hai katika kambi ya nchi nyingine. Tulilia kwenye simu mpaka salio likaisha. Faili letu la kuhamia Marekani lilikuwa limeshafika mbali, na mtoto alishazoea kuniita mama, basi tukakubaliana tungoje akue.

Sasa amekua. Mdogo wangu yuko Cheektowaga, karibu na Buffalo, mwaka wa tatu huu. Mtoto humwita mama mdogo, na kila akimwita hivyo mbele yangu natafuta kitu cha kufanya jikoni.

Mwaka huu kaka yetu anayeishi Whitehall, pale Columbus, alipata uraia. Akasema tusherehekee sote wanne kwa meli ya kitalii kutoka Florida, visiwa vitatu, kila siku kisiwa kimoja. Kupanga nikaachiwa mimi. Ziara zinazouzwa na meli nilizikataa, zile za kufuata kibendera kwa foleni na kurudishwa kabla hujalowa miguu. Nikasema tutashuka wenyewe. Wiki nyingi nimesoma maoni ya waliotangulia: basi dogo gani la wenyeji linafika ufukwe wa bure, wapi pana kivuli, wapi maji ni ya kina kifupi kwa sisi tusiojua kuogelea, saa ngapi tuanze kurudi bandarini, maana meli haingoji mtu. Mwisho wa kila siku nikaacha saa moja ya akiba. Niliipenda kazi ile kuliko nilivyotegemea.

Kisha mdogo wangu akanipigia. Huniita yaya, ndivyo kwetu tunavyomwita dada mkubwa. "Yaya, mi siombi mingi. Kisiwa ya pili, uniachie na mutoto. Mi na yeye tu. Nitamwambia mwenyewe."

Nikamuuliza kwa nini asingoje turudi.

"Huko kwako akikasirika atafunga mulango, na mi nitarudi Buffalo. Kule hata akikasirika, mangaribi tutakula meza moja."

Nikamjibu nitaona. Ukweli ni kwamba siku hiyo hiyo nilikaa nikajaza kila saa. Kisiwa cha pili, yeye na kaka waende mapangoni, mimi na mtoto twende kuona kasa. Mdogo wangu nikamwambia mtoto anaogopa mapango. Mtoto nikamwambia mama mdogo hapendi jua. Mdogo wangu alipousoma mpango hakugombana. Alisema tu, "Bon, yaya. Basi hata ile saa ya akiba." Nikamwambia saa ya akiba si ya kuchezea, je, gari likiharibika njiani? Niliona aibu nikiwa bado nasema, lakini sikubadilisha.

Kaka naye hakunikopesha. "Donc unapanga malori ao unapanga batu? Wewe ulimubeba, hakuna mwenye anakatala. Lakini yeye njo alimuzala."

Najua. Mchana mzima narandaranda kwenye nyumba, nafungua sanduku, nafunga. Mpango nimeuandika upya mara tisa na kila mara jina la mdogo wangu linaangukia mbali na la mtoto. Malaria zake nilikesha nazo mimi. Siku yake ya kwanza shuleni hapa nilisimama nje kwenye theluji nikiwa na kandambili. Namwonea mdogo wangu wivu, na ninamwonea huruma pia, na vyote viwili vinanichosha.

Jumapili iliyopita mtoto alichukua ile karatasi ya mpango, akaja nayo mezani. Aliniuliza kwa Kiingereza, kama kawaida yake, kwa nini yeye amepangiwa kila mtu isipokuwa mama mdogo. Akauliza kama mama mdogo amefanya jambo baya. Ilikuwa nafasi yangu. Nikainuka nikaanza kuosha vyombo. Aliniangalia, akaitikia kwa kichwa taratibu kama mtu aliyekwisha kujibiwa, akaiweka karatasi mezani.

Jana mdogo wangu alimpigia. Simu iliita mkononi mwake, akaona jina, akaigeuza kifudifudi. Hajawahi kufanya hivyo. Mimi ndiye niliyemfundisha, tena bila kusema neno.

Jumamosi ijayo tunapanda meli. Ninyi mnaolea na ninyi mliolelewa, nisaidieni mawazo, hata mkinigombeza nitasoma. Nimwambie mimi kabla hatujaondoka, au nimpe mama yake siku aliyoiomba? Na nikimpa, siku ile mimi nikae wapi kwenye kisiwa kile, nikingoja kuona kama atarudi ananiita mama?