Mlio wa Pili

Simu iliita wakati fundi wa bunduki ameshaifungua bastola ya baba mkubwa, vipande vyake vimetandazwa juu ya kitambaa cheupe. Aliyepiga alikuwa mama mkubwa. "Mwanangu," alisema kwa sauti ya chini, "baba yako mkubwa ametangulia. Amelala tu, hakuamka."

Nilishika ukingo wa meza. Fundi alizima redio, akanivutia kiti.

"Pole sana, dada. Niifunge uichukue ilivyo?"

Nilimwambia aendelee. Mbio zilikuwa Jumamosi, na marehemu alikuwa ametoa ahadi.

Baba mkubwa alikuwa mtunza stoo wa shule, lakini watu walimjua kwa kazi yake nyingine, ya kuanzisha mbio. Walimwita Mzee Tayari. Hata nyumbani, sala ya chakula ikiisha, alituangalia mmoja mmoja, akasema, "Tayariii..." Ole wake aliyegusa kijiko kabla mzee hajapiga makofi. "Umewahi! Rudi mstarini!"

"Na wewe mzee, chakula kinapoa," mama mkubwa alimjibu kila siku.

Bastola yake haikuweza kuua hata nzi. Mtutu ulizibwa, na risasi zake zilikuwa baruti tupu bila kichwa. Mlio mmoja, kimbieni. Wa pili ukifuata papo hapo, mtu kaondoka mapema, rudini wote. Katika mashindano yaliyopita msichana mmoja aliwahi. Baba mkubwa akavuta tena, bastola ikafanya "tki" basi. Wasichana wakatimua mbio mpaka mwisho, isipokuwa binti wa mshona viatu. Yeye aliona mwenzake amewahi, akasimama kungoja mlio wa kuwarudisha. Akahesabiwa wa mwisho.

Baba mkubwa hakutulia mpaka waamuzi wakakubali mbio zirudiwe. Akamwambia yule binti, "Safari hii utausikia, mwanangu." Kisha moyo ukamlaza kitandani, na kazi ya kutafuta fundi ikaniangukia mimi.

"Si watumie filimbi tu?" nilimwuliza.

"Filimbi ni ya mpira," akasema, akageukia ukutani.

Fundi saa aliitazama, akaficha mikono nyuma. "Mama, mimi natengeneza saa, sitengenezi kesi." Fundi cherehani aliniuliza kama nimegombana na mume wangu. Fundi kufuli alijitia kujua, akataka kuigonga kwa nyundo, nikamnyang'anya. Kila nilipotoka mlangoni mwa mtu niliomba Mungu anionyeshe mlango mwingine. Mwishowe nilikwenda kituo cha polisi na kibali cha bastola, nikijua nitafukuzwa. Askari wa zamu, mwanamke mnene mwenye kicheko, aliigeuza mkononi.

"Hii si ya Mzee Tayari? Mimi nimeikimbia hii! Usinitazame hivi, nilikuwa mwembamba."

Yeye ndiye aliyenielekeza kwa huyu fundi, mstaafu wa karakana ya silaha, mwenye leseni na chumba chake nyuma ya ghala la mbao.

Sasa fundi alinionyesha kijino kilicholika. Kazi yake ni kuzungusha risasi ya pili ije mbele ya nyundo. Alichonga kingine kwa tupa, akakijaribu, akakitoa, akakisugua tena, huku mimi nikisali kimyakimya. Hatimaye tulitoka uani. Pa! Pa! Kuku wa jirani wakatawanyika.

"Haya, mpelekee," akasema. Kisha akakumbuka, akainamisha kichwa. "Wapelekee."

Jumamosi asubuhi, mazishi yakiwa alasiri, mwalimu wa michezo alisimama pale aliposimama baba mkubwa. Mlio. Msichana mmoja akachomoka kabla yake. Papo hapo mlio wa pili ukapasuka, na wote wakageuka, wakarudi. "Asante, Mungu," akasema kwa sauti mama mkubwa, aliyekuja kuusikia mwenyewe. Waliporudia, binti wa mshona viatu alishika nafasi ya pili, na wawili wa kwanza ndio waliochaguliwa kwenda mashindano yanayofuata.

Makaburini mwalimu aliomba ruhusa, akapiga mlio mmoja juu. Akamtazama mama mkubwa.

"Niongeze?"

"Usimrudishe, mwalimu. Mwache aende."

Tulisali. Jeneza likateremshwa, kila mmoja akatupia udongo kidogo, kisha vijana wakafukia. Binti wa mshona viatu aliweka maua, namba yake ya mbio bado kifuani. Tulikunja viti, tukamshika mama mkubwa mkono, tukarudi nyumbani.